Kamba ya Msingi Kando ya Ziwa

Ninyi mlionizingira baada ya misa mkitaka kujua nilikuwa wapi siku tatu nzima huku simu yangu haipatikani, nimeona niwaandikie tu. Nikisimulia kwa mdomo nitaziruka sehemu zinazoniaibisha, na safari hii ukiziondoa sehemu hizo inabaki mvua na matope, ambayo hata ninyi mliyaona. Mnanijua. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na sidhani kama hapa Nangara, Babati, yupo mtu ambaye sijawahi kumsahihisha. Safari hii niliogopa kuanzia hatua ya kwanza, na niliogopa zaidi kwa sababu kilichokuwa kinanisubiri mwisho wa njia nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe.

Mambo ya tiketi na mizigo nayaacha. Kila mtu anajua stendi zilivyo.

Morogoro

Nilikuwa Morogoro na mke wangu, kwa binti yetu aliyejifungua. Nilikuwa nimekaa barazani nimempakata mjukuu wa siku tisa, najisikia mtu mwenye bahati kuliko wote, simu ikalia. Alikuwa Paulina, mdogo wangu wa mwisho, yule mjane anayekaa kule chini kando ya ziwa na wajukuu zake wawili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona kelele?"

"Ni mvua kwenye bati. Hii ni siku ya nne. Kaka, maji yamefika kwenye mgomba."

"Mgomba upi?"

"Ule wa jikoni."

Mgomba wa jikoni ninaujua. Ni hatua kumi na moja kutoka mlangoni, nilizihesabu siku tulipoupanda. Nikamwambia atoke leo hii, achukue watoto aende kwangu, ufunguo uko kwa jirani. Paulina akacheka. Hakuwa anacheka kwa dharau, alicheka kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Kaka, si wewe uliyesema ziwa linakufa? Huku wote tunasema hivyo hivyo, Mwalimu alisema. Haya ni maji ya siku mbili, yatarudi yenyewe. Wewe lea mtoto."

Kabla sijamjibu simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, hakuna kitu. Nilimrudisha mtoto kwa bibi yake, nikaanza kufunga begi.

Lazima niwaeleze nilichosema, ingawa wengi wenu mlikuwepo na mlinipigia makofi. Mnakumbuka miaka ile mitatu ya ukame, ziwa liliporudi nyuma hadi watu wakachimba kambale kwenye tope kwa jembe. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano shuleni, darasani kwangu kwa zamani, akaniomba nieleze. Nilichora ubaoni mstari wa mvua unaoshuka, nikasema tabianchi imebadilika, ukame sasa ndiyo desturi, na Ziwa Babati wajukuu zetu watalisikia kwenye hadithi. Nilipenda sana sentensi hiyo ya hadithi. Nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi.

Watoto wenu niliwafundisha kwamba hali ya hewa ni ya leo na kesho, bali tabianchi hupimwa kwa miaka thelathini na zaidi. Ninyi watu wazima nikawapa miaka mitatu. Baada ya mkutano ule watu walianza kushuka na majembe, kisha wakashuka na matofali. Paulina alikuwa amechoka kuhamahama kwenye vyumba vya kupanga. Akapata kiwanja pale ambapo zamani palikuwa na matete na maji ya kiunoni. Siku ya kupima msingi, fundi alivuta kamba upande mmoja, na upande wa pili niliishika mimi.

Dodoma

Nilifika Dodoma jioni, na asubuhi yake nikawa stendi mapema kuliko basi lenyewe. Abiria wa kwenda Babati walikuwa wamekusanyika kwenye simu ya mtu mmoja. Nikachungulia. Ng'ombe walikuwa wanaogelea kando ya barabara yenye magari, maji ya kahawia yamebeba paa zima na kuku wamekaa juu yake. Maandishi yalisema: Babati hivi sasa, tuombeane. Nikakaa juu ya begi la mtu.

"Mwalimu, hilo begi langu lina vyombo," akasema mtu nyuma yangu.

Alikuwa Mama Shafii. Nyote mnamjua, dukani kwake ndiko tunakonunua misumari, kamba, ndoo na kila kinachopotea nyumbani. Alikuwa anarudi na mzigo. Akaichukua ile simu bila kuomba, akaitazama kwa makini kama anavyokagua noti iliyochanika.

"Haya magari yanapita upande gani wa barabara?" akauliza.

Tukatazama. Yalikuwa yanapita kulia.

"Basi hapo si Babati, na si Tanzania. Mwalimu mzima hukuliona hilo? Leo kalamu nyekundu umeiacha wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikanunua zabibu nikala nusu ya mfuko. Nilipata ahueni kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha nikawaza kwamba video ile kuwa ya uongo hakukuondoa hata ndoo moja ya maji kutoka jikoni kwa Paulina, nikaziacha zabibu zilizobaki.

Dodoma hadi Kondoa

Tulikwenda vizuri hadi tulipokuta foleni ya malori kabla ya Kondoa. Mbele kulikuwa na korongo ambalo kwa kawaida unalivuka bila kujua. Siku hiyo lilikuwa mto. Sauti yake ilisikika kabla hatujauona. Konda alivua viatu akaingia na fimbo ndefu, akafika magotini, akarudi mbio amekuwa mweupe midomoni.

Kukaa foleni kunafungua midomo. Baba mmoja wa makamo aliyevaa jaketi la mvua alisema hii ni adhabu, tumezidi dhambi. Mwingine, amejifunga shuka shingoni, akadakia:

"Wanatudanganya na hili joto la dunia. Liko wapi? Mimi nimevaa makoti mawili."

"Halafu walisema ukame," akasema mama mmoja kutoka nyuma. "Ukame gani huu wa kusomba madaraja?"

Basi zima likacheka. Mama Shafii akanitazama, akisubiri nisimame kama kawaida yangu. Maneno nilikuwa nayo, tena kwa mpangilio. Lakini kila nilipotaka kuanza nilimsikia Paulina akisema Mwalimu alisema. Nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Tulilala humo humo kwenye viti, na usiku huo sina la kusimulia zaidi ya shingo kuuma. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepungua yakaacha barabarani godoro, buti moja la mvua na mbuzi aliyekufa. Dereva alisema basi livuke tupu, abiria watangulie kwa miguu. Maji yalikuwa yanafika chini ya magoti lakini yalivuta kama mtu anayekujua jina. Katikati nilishindwa kunyanyua mguu. Mama Shafii, mzigo kichwani, akanishika mkono akanivuta hadi ng'ambo. Mke wangu akisoma hapa ajue kwamba ningeshikwa hata na dereva.

Bereko

Baada ya Kolo barabara inapanda milimani na baridi inaanza. Karibu na Bereko ukingo ulikuwa umeporomokea barabarani, udongo mwekundu na mawe na mti mzima wenye majani yake mabichi. Tangu lile tope lililoshuka Mlima Hanang likafukia watu, mtu wa huku akiona mlima umefunguka hivyo hapigi picha. Tulisimama tukisikiliza kama juu kuna kitu kingine kinakuja. Wakasema tingatinga litafika mchana.

Mzee mmoja wa nyumba ya jirani alitukaribisha abiria wachache kukaa jikoni penye moto. Alijitambulisha kuwa Mzee Juma. Mkewe akatupa ugali wa uwele na mlenda, na sijala chakula kitamu hivyo tangu mwaka uanze. Mzee Juma mwenyewe hakula. Alikuwa na hasira na alitaka watu wa kuisikiliza.

"Miaka yote nalima mahindi," akasema. "Wakaja wataalamu, wakasema mvua zimekwisha, panda mtama wa kuvumilia jua. Nikang'oa akili ya baba yangu nikapanda mtama shamba zima, hadi bondeni. Sasa uko chini ya maji, umeoza wote. Siku nikimkamata mtu wa hali ya hewa!" Akanigeukia. "Wewe mwenzangu unafanya kazi gani?"

"Fundi seremala," nikasema.

Mama Shafii alipaliwa na mlenda. Mzee Juma alifurahi sana, akaingia ndani akatoka na kigoda kilichovunjika mguu. Sasa nifanyeje? Nikaomba panga. Mama Shafii, machozi ya kicheko yakimtoka, akafungua mzigo wake akanipa misumari minne. Niligonga kidole mara mbili. Nilipomaliza kigoda kilisimama, ila kimeinamia upande kama mlevi anayesikiliza habari. Mzee Juma akakizunguka akakitazama.

"Sasa naelewa kwa nini uko safarini," akasema.

Hapo mtandao ukarudi ghafla na simu yangu ikalia mfululizo. Zilikuwa ni jumbe za kundi la jumuiya, zenu wenyewe. Nilisoma mmoja tu. Nyumba za chini zimezungukwa na maji tangu jana, viboko wako uani, watu wanatolewa, Paulina na watoto hawajaonekana. Nikampa Mama Shafii asome, kwa sababu nilitumaini macho yake yataona kitu kingine. Akasoma, akanirudishia, akaacha kucheka.

"Mimi ndiye niliyewaambia ziwa linakufa," nikasema.

"Najua. Nilikuwepo," akasema. "Na kamba na misumari ya zile nyumba nimewauzia mimi. Ndoo pia. Niliagiza mzigo wa ziada kwa sababu yako."

Nilitaka kumweleza Mzee Juma ukweli kabla hatujaondoka, nikasimama mbele yake kabisa, kisha nikamshukuru kwa ugali tu. Aliniombea safari njema na kazi nyingi huko niendako.

Bonga

Giza lilitukuta Bonga, na dereva akakataa kuendelea hadi aione barabara. Tulihifadhiwa na wenyeji, na asubuhi tukaambiwa mbele maji yamekata lami, magari hayapiti. Nikavua viatu. Mama Shafii aliacha mzigo wake kwa mtu anayemfahamu akasema tunakwenda wote.

Bonga wananijua wengi, nimewafundisha. Na kila niliyekutana naye aliniambia neno moja. "Shikamoo Mwalimu. Pole." Mama mwenye ndoo, pole. Wazee wawili waliokuwa wanafukua mtaro, pole. Mngeweza kudhani ni pole ya matope, maana nilikuwa nayo hadi mapajani. Lakini mtu anayekwenda kutafuta ndugu hapokei pole hivi hivi. Sikuthubutu kumuuliza hata mmoja, pole ya nini. Mama Shafii ndiye aliyemsimamisha kijana wa bodaboda.

"Wewe, unampa Mwalimu pole ya nini?"

Kijana akashangaa. "Si ametembea kwa miguu, mama? Na uzee huo?"

Sijawahi kufurahia kuitwa mzee kama siku hiyo. Akatupakia wote wawili kwenye pikipiki yake, tukapita njia za mashambani, mara tunapanda mara tunaisukuma. Nilimuuliza kama ana habari za watu wa ziwani. Akasema alisikia kuna waliotoka na kuna ambao hawajatoka.

Ziwani

Alitushusha juu ya mteremko, pale mnapoanza kuona ziwa lote. Nililitafuta kwanza mahali nilipozoea kuliona, kule mbali, kama bati lililoachwa juani. Lilikuwa hapa, miguuni. Mahindi yalionekana vichwa tu. Migomba ilikuwa imesimama ndani ya maji. Paa la Paulina lilikuwepo, nililijua kwa lile bati moja la buluu, lakini ukuta wa mbele ulikuwa umelala na mlango ulikuwa unaelea, kitasa chake bado kimefungwa.

Na pale palipokuwa jikoni, kiboko alinyanyua kichwa, akapiga mluzi wa pua, akatutazama. Ninyi mmezaliwa na viboko, mimi pia. Tunawajua kwa kuwasikia wakila majani huko kwenye matete. Huyu alikuwa amesimama mahali ambapo Paulina huniwekea kiti. Akili yangu ikaniambia hapo hakuna mtu aliye hai. Nililia kwa sauti. Nasema wazi ili msije mkalisikia kwa yule kijana wa bodaboda likiwa limeongezwa chumvi.

Mama Shafii hakulia. Alikuwa anaita kila mtu anayepita. Wa tatu au wa nne, mama aliyebeba mkeka, ndiye aliyesema waliotoka wako shuleni.

"Wote?" akauliza Mama Shafii.

"Mimi nimeona wengi," akasema yule mama. "Wote sijui."

Shuleni

Kutoka ziwani hadi shule niliyofundisha si mbali, lakini njia hiyo sikumbuki nilivyopita. Nakumbuka mlango wa darasa. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, magodoro chini, watoto wanakimbizana juu yake. Na pembeni, chini ya ubao ule ule, amekaa Paulina, mguu umefungwa kitambaa, anachambua maharage.

"Shikamoo kaka," akasema. "Umekonda."

Nilipiga magoti nikamshika miguu nikasahau kwamba mmoja ni mgonjwa. Akapiga kelele, wajukuu zake wakaja mbio kumtetea, na mimi nikawakumbatia wote kwa mkupuo. Walikuwa wananuka moshi na tope. Walikuwa wazima.

Ndipo nilipoambiwa. Maji yalipopanda juu ya kitanda Paulina alipandisha watoto juu ya kabati, akabaki amesimama. Hakupiga kelele kwa sababu aliamini yataanza kushuka. Ukuta wa mbele ulipoanguka ulimkata mguu. Aliyewatoa ni jirani yake, Baba Tumaini, yule kijana fundi aliyevuta kamba siku ya msingi, anayelima pia nyanya. Alivuka mara tatu, maji ya kifuani, mtoto, mtoto, kisha Paulina mgongoni, na kiboko akiwa upande wa pili wa migomba. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeshaanguka. Nilimshika mkono, nikabaki nautikisa tu kama mgombea wa udiwani.

Nje, akina mama walikuwa wanapika makande kwenye sufuria kubwa. Tulipokaa kula, watu wa kule chini walisogea. Nilijua linakuja. Baba Tumaini ndiye aliyeuliza, kwa heshima, bila ubaya wowote.

"Mwalimu, kwa hiyo ile tabianchi imeisha?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa kwenye korongo. Walikuwa wananitazama wote, wamepoteza nyumba kwa neno langu, na bado walikuwa wanasubiri neno langu. Nikisema imeisha, watavunja matuta waliyochimba mashambani huko juu ili kuhifadhi maji ya mvua, waseme mvua imerudi. Nikisema haijaisha, watakumbuka ukame na ziwa linalokufa, nao watarudi kule kule.

Nikasimama. Nikasema kwanza nilikosea, na nikalisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Nikasema niliona miaka mitatu nikaiita tabianchi, nayo ilikuwa hali ya hewa tu ya miaka mitatu. Nikasema hata mvua hii moja siwezi kuiapia imeletwa na nini, mvua kubwa zilikuwepo tangu babu zetu. Lakini dunia inapata joto, hilo linapimwa kwa miaka mingi na kila mahali. Nikaonyesha sufuria ya makande.

"Ukiongeza kuni, nini kinatokea?"

"Maji yanakauka haraka," wakajibu wote, kama kidato cha pili.

"Na mvuke?"

"Unakuwa mwingi."

Nikafunua mfuniko, maji yaliyokuwa yamejikusanya kwa ndani yakamwagika chini yote kwa pamoja, yakamrukia Mama Shafii mguuni. "Basi ndivyo hivyo," nikasema. "Moto ule ule unakausha na unamwaga. Ukame utakuja tena, na mafuriko yatakuja tena, na yakija yatakuja kwa pupa. Ziwa litarudi nyuma. Likirudi nyuma, msilifuate."

Wakatikisa vichwa kukubali. Wengine walisema nimeeleza vizuri. Mimi nilikaa, jasho linanitoka, nikadhani nimefika mwisho wa safari.

Paulina alisubiri watu watawanyike. "Kwa hiyo maji yakishuka nisirudi," akasema.

"Usirudi."

"Hata pakikauka miaka mitano?"

"Hata kumi."

Akachambua maharage mawili matatu, akayatazama. "Siku ile ulipokuwa unanishikia kamba ya msingi, kaka, ulikuwa na uhakika hivi hivi."

Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa ananikumbusha tu. Anakaa kwangu sasa na watoto, kama mnavyojua.

Nyumbani

Ningeishia hapo, ila wengi mmeniuliza kamba iliyo juu ya meza yangu ni ya nini.

Hii ni wiki ya nne tangu nirudi. Mvua imekatika, jua linawaka, na ziwa limeshuka. Limeacha tope jeusi, laini, lenye rutuba, ambalo hata mimi nikiliona mikono inaniwasha kulima. Juzi asubuhi niliteremka kuangalia kama yale mabati ya Paulina yanaweza kuokolewa. Nikamkuta Baba Tumaini. Alikuwa amechomeka vigingi viwili kwenye ardhi ambayo ilikuwa bado inateleza, hatua chache tu kutoka pale alipopita na dada yangu mgongoni.

"Shikamoo Mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Nishikie kamba huku, kama siku ile."

"Baba Tumaini, unafanya nini?"

"Napima. Safari hii msingi naujenga juu kidogo."

"Si nilisema msirudi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, si wewe uliyesema moto ukiongezwa maji yanakauka haraka? Nimeona kweli. Wiki tatu tu, na tazama yalipofika."

Nilitaka kuanza upya, sufuria, mvuke, mfuniko. Lakini huyu si mjinga. Ana mke na watoto watatu wanaolala chini ya ubao, shule inataka darasa lake, na ardhi kavu iko mbele ya macho yake. Kwenye maneno yangu alichukua nusu aliyokuwa anaihitaji. Hata mimi kwenye miaka thelathini nilichukua mitatu niliyokuwa nimeiona.

Nikaishika kamba. Nikaanza kuizungusha mkononi, taratibu, nikisogea, hadi nikafika kwenye kigingi chake, nikaifungua, nikaiweka mfukoni nikaondoka. Aliniita mara nyingi. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka nitamrudishia. Huyu ndiye aliyemtoa Paulina majini, na mimi nimemwibia kamba mchana kweupe.

Amekuja kuidai mara mbili. Nilimwambia wanaweza kuhamia kwangu wote, tutabanana. Akasema asante, atafikiria, ila anaomba kamba yake. Leo hakuja. Nimekwenda dukani kwa Mama Shafii kununua betri nikamkuta Baba Tumaini amesimama pale kaunta.

"Kamba zimekwisha," Mama Shafii alikuwa anamwambia, uso mkavu kabisa.

Zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kichwa chake, mafungu kwa mafungu, nyeupe na za buluu. Baba Tumaini alizitazama, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akatuaga kwa adabu, akatoka, akavuka barabara.

Babati ina maduka mengi.